Mficha Maradhi: Maneno juu ya Kuugua kwa Mifugo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano wa mwaka, Tudor, Mombasa



Kwanza twatoa shukrani kwa Halmashauri ya chama kwa kutupa nafasi hii ya kusema nanyi. Tulipoombwa tulete maneno yenye manufaa kwa wanachama, tulijiuliza tutasema nini mbele ya wazee walioona mengi kuliko sisi. Mwisho tukaona ni afadhali kuleta jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea, kwani aliyekwisha kuanguka shimoni ndiye awezaye kuwaonyesha wenzake shimo lilipo. Jambo lenyewe ni kuugua kwa mifugo katika shamba dogo.

Huenda mwanachama akauliza: sisi ni watu wa kisiwani, na hapa Tudor nyumba zimebanana, mifugo yatuhusu nini? Jawabu ni kwamba wengi wetu twalala Tudor, lakini sehemu ya riziki yetu iko ng'ambo ya maji: Kisauni, Jomvu, Rabai, Kaloleni, Mariakani. Huko kuna minazi tuliyoachiwa na wazee, na chini ya minazi hiyo kuna ng'ombe mmoja au wawili, mbuzi watano na kuku kadha wa kadha. Ng'ombe wa namna hiyo si utajiri wa kujivunia. Yeye ni karo ya mtoto, ni dawa ya mama mzee, ni kikombe cha maziwa ya asubuhi. Siku anapokufa, mwenyewe huja kwa chama hiki kuomba msaada wa karo ile ile. Kwa hivyo maradhi ya ng'ombe wa mwanachama, hata yakianzia Rabai, mwisho wake hufika katika sanduku letu la hapa Tudor.

Sisi tunaosema nanyi leo ni ndugu watatu, dada mmoja na wanaume wawili, tulioachiwa na marehemu baba yetu shamba dogo huko Rabai. Tulikusanya fedha kwa muda wa mwaka mzima, tukanunua ng'ombe mmoja wa maziwa, wa mbegu ya kizungu, kutoka bara. Alifika kwa lori mwanzoni mwa masika. Jirani walikuja kumtazama, wakasifu kiwele chake, nasi tukafurahi. Tulimkabidhi kijana wa ukoo wetu akae naye, kisha tukarudi Tudor katika kazi zetu.

Siku ya kumi na mbili kijana akatupigia simu akasema, "Ng'ombe leo hakumaliza majani yake." Tukamjibu kwamba ng'ombe ni mgeni, hajazoea majani ya pwani wala joto letu. Siku ya tatu tangu simu ile akasema pana uvimbe chini ya sikio, kadiri ya limau. Tukasema ni kamba imembana. Siku ya tano maziwa yakapungua nusu. Hapo baadhi yetu wakasema ni jicho, kwa maana watu wengi walikuja kumsifu. Ubani ukafukizwa zizini. Hatumcheki mtu kwa jambo hilo. Lakini yatupasa tukiri kwamba ubani ulitupa raha sisi, haukumpa ng'ombe raha yoyote, na siku mbili nyingine zikapita.

Siku ya saba tulikwenda dukani tukanunua chupa ya oksitetrasaiklini na bomba la sindano, tukamdunga wenyewe, kwa kipimo cha kukisia. Siku ya tisa alikuwa akihema kwa shida na povu likimtoka puani. Usiku huo akaja mtu aliyesema, "Niuzieni sasa hivi kabla hajafa. Nitamchinja usiku huu, na asubuhi nyama iko sokoni." Bei aliyotaja ilikuwa ndogo, lakini kwetu sisi tuliokuwa tukitazama akiba ya mwaka mzima ikikata roho, haikuwa haba. Wawili wetu tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kama kukubali. Dada yetu ndiye aliyeuliza, "Na nyama hiyo italiwa na nani?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Yule mtu akaondoka, na kabla ya alfajiri ng'ombe akafa.

Asubuhi ndipo tulipomwita daktari wa mifugo, tulipokuwa hatuna tena mgonjwa wa kumwonyesha. Hakutulaumu. Aliuliza neno moja tu: "Siku ya kwanza ilikuwa lini?" Tulipohesabu tukaona ilikuwa siku tisa nyuma.

Basi, wazee wetu, lililotutia uchungu kuliko kifo chenyewe tulilipata wakati wa kuchimba shimo. Jirani mmoja aliyekuja kutusaidia alisimama na jembe lake akasema, "Na mimi nilizika ndama mwezi uliopita, naye alikuwa na uvimbe kama huu." Wa pili akasema yeye amezika wawili. Wa tatu akasema wake alikufa kabla ya mvua kuanza. Wote walikuwa wamenyamaza. Mmoja aliona haya kuambiwa hajui kufuga. Mwingine alichelea kwamba mbuzi wake hawatapata mnunuzi. Wa tatu alidhani ni mkosi wa nyumba yake peke yake. Kama mmoja wao angalisema, ng'ombe wetu asingaliletwa mahali pale bila ya kinga. Wala hatuwezi kuwalaumu, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumekusudia kunyamaza vile vile. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi twaongeza kwamba katika mifugo, mficha maradhi humwumbua na jirani yake.

Maradhi hayo ni ndigana kali, ambayo wengine huiita homa ya kupe. Huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, na mchukuzi wake ni kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa ndani ya masikio. Kupe huyo hubadili mnyama mara tatu katika maisha yake: akiwa mchanga, akiwa kijana, na akiwa mkubwa. Akinyonya damu ya ng'ombe mwenye kijidudu katika daraja moja, humwambukiza ng'ombe mwingine katika daraja inayofuata. Tangu kuambukizwa hata homa kuonekana hupita siku nane hadi kumi na mbili au zaidi kidogo. Tezi ya chini ya sikio huvimba kwanza, kisha homa hupanda, kisha mapafu hujaa maji. Lile povu la puani ni dalili ya mwisho, si ya mwanzo.

Huenda mtu akauliza kwa nini ng'ombe wa kienyeji wa jirani zetu walikuwa wakila majani kwa raha pale pale tulipomzika wetu. Sababu ni hii. Ndama wa kienyeji huumwa na kupe tangu udogoni. Baadhi yao hufa, na wanaopona hupata kinga. Lakini aliyepona aweza kubaki na kijidudu mwilini, na kupe huendelea kukichukua kwake. Kwa hivyo uzima wa ng'ombe wa jirani si dalili ya kwamba mahali pale ni salama kwa ng'ombe mgeni.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa, na somo hilo lilitoka katika pwani hii yetu. Mwaka 1896 sotoka ilifika Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikafyeka ng'ombe wake. Katika kutafuta wengine wa kujazia pengo, ng'ombe walipakiwa melini kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, wakateremshwa Beira mnamo mwaka 1901 na 1902. Kwa macho walikuwa wazima. Baada ya muda si mrefu ng'ombe wa huko wakaanza kufa kwa wingi. Mwaka 1903 aliitwa Robert Koch, bingwa wa Ujerumani, aje achunguze, naye akayaita maradhi hayo homa ya Pwani ya Afrika. Wataalamu wengine, miongoni mwao Arnold Theiler, wakathibitisha kwamba kupe ndiye mchukuzi. Afrika ya Kusini ilihangaika nayo mpaka katikati ya miaka ya 1950 ndipo ikaweza kuing'oa. Hata leo jina la kizungu la maradhi hayo lataja pwani ya mashariki, nayo ndiyo pwani hii.

Sasa twaomba ruhusa yenu tueleze yale tuliyofundishwa baada ya msiba wetu.

Jambo la kwanza ni kumtazama mnyama kila siku, asubuhi na jioni, na kujua hali yake ya uzima. Mnyama mzima hula, hucheua, pua yake ina unyevu, na masikio yake huchezacheza. Anayebaki nyuma ya wenzake, aliyeacha kucheua, aliyepunguza maziwa ghafula, huyo amekwisha kusema kwamba ni mgonjwa. Kipimajoto ni kitu cha bei nafuu. Joto la ng'ombe mzima ni kama digrii 38 na nusu. Likipita 39 na nusu pana jambo, na likifika 40 haifai kungoja kesho. Kijana wetu aliona yote hayo kwa macho yake. Kosa halikuwa kwa aliyeona, bali kwa sisi tulioambiwa.

La pili ni kumtenga mgonjwa siku ile ile, na kumpa kivuli, maji na majani mabichi. Ndoo yake iwe mbali, na anayemhudumia awahudumie wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho.

La tatu ni kumwita mjuzi kabla ya kununua dawa. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo nchini Kenya ziko chini ya serikali za kaunti, na huko Mariakani iko maabara ya serikali ya kuchunguza maradhi ya mifugo. Daktari huchoma tezi kwa sindano, akatoa maji yake kidogo, akayapaka juu ya kioo yakatazamwa kwa darubini. Ndigana kali inayo dawa yake mahsusi, iitwayo buparvakwoni, na hufaa sana ikitolewa siku za mwanzo. Ile oksitetrasaiklini tuliyomdunga sisi haikuweza kuondoa maradhi yaliyokwisha kushika mwili. Dawa nzuri kwa ugonjwa usio wake ni fedha iliyotupwa, na tena ni siku iliyopotea.

La nne ni uaminifu katika maziwa na nyama. Mnyama akitiwa dawa, daktari hutaja siku ambazo maziwa yake hayafai kunywewa wala kuuzwa. Siku hizo ni ndefu kwa mtu anayetegemea maziwa hayo. Baadaye tulipata ng'ombe wa pili, naye akashikwa na homa. Safari hii tuliita daktari siku ya pili, na ng'ombe akapona. Lakini maziwa yake tuliyamwaga kila asubuhi, na wateja wetu wa hapa Tudor tuliwaambia sababu. Wawili walikwenda kununua kwingine. Waliobaki wamekuwa nasi mpaka leo, na hawatuulizi tena kama maziwa yetu ni safi.

La tano ni kinga, ambayo ni bora kuliko tiba. Kupe akishika mwilini, huhitaji siku kadhaa za kunyonya kabla kijidudu hakijamwingia ng'ombe. Ndiyo maana kuogesha au kunyunyiza dawa kwa zamu isiyokatika hufaa, na masikio yapakwe kwa mkono. Dawa ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa. Wengi huiongeza maji ili idumu, na matokeo yake ni kupe wasiosikia dawa. Iko pia chanjo iliyobuniwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Mnyama huchanjwa mara moja. Lakini chanjo hiyo huhifadhiwa katika baridi kali mno, na mrija mmoja hutosha ng'ombe kama 40. Ukifunguliwa yapasa utumiwe kwa saa chache tu. Mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuuita mrija huo peke yake. Twaomba wazee wakumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Si kila maradhi huishia kwa mnyama. Mnyama akifa ghafula na damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, yamkini ni kimeta. Asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Atolewe habari, kisha azikwe shimo refu, kwa sababu mbegu za kimeta huweza kukaa udongoni miaka mingi. Baada ya mvua kubwa, mbuzi na kondoo wengi wakitoa mimba kwa pamoja, yafaa tuhofie Homa ya Bonde la Ufa. Maradhi hayo yalitambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwaka 1930 na 1931, na katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 watu zaidi ya 150 walikufa hapa Kenya. Kitoto kilichotoka kisishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Yule mtu aliyetaka kumchinja ng'ombe wetu usiku alikuwa akituuzia njia ya kuficha. Ng'ombe wa ndigana hamwambukizi mlaji maradhi yake. Lakini sisi usiku ule hatukuwa tumejua ni maradhi gani, na nyama ile ilikuwa na dawa tuliyoitia kwa kukisia. Angaliweza kuwa ng'ombe wa kimeta. Mnyama achinjwe mchana, mahali palipowekwa, na mkaguzi awe ameona nyama.

Kwa wenzetu wafugao hapa hapa Tudor, tuna maneno mawili. Mbuzi wa mitaani hula alichokikuta. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, lakini karatasi za plastiki zingali majaani, nazo hujikusanya tumboni mwa mbuzi zisitoke, akakonda huku tumbo limejaa. Mbuzi huyo haponi kwa sindano. Hupona kwa kufungwa nyumbani na kupewa majani kabla hajaila plastiki hiyo. Na kuku wetu, ambao ni akiba ya akina mama na watoto, humalizwa na mdondo kwa siku chache tu. Mdondo hauna tiba. Unayo chanjo, ambayo aina moja yake ni tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Na hapa pia kikopo kimoja cha dawa ni cha kuku wengi kuliko walio katika banda la mtu mmoja.

Mtu asidhani kwamba tunataka jambo lisilowezekana. Ile sotoka iliyofyeka ng'ombe wa Afrika katika miaka ya 1890 haipo tena duniani. Chanjo yake iliyo bora ilitengenezwa Muguga na Walter Plowright na wenzake mnamo mwaka 1960. Lakini chanjo peke yake haikutosha. Ilihitaji wafugaji, wengi wao watu wa kuhamahama, waseme wazi kila walipoona mnyama mwenye dalili. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 2001, katika nyati wa mbugani Meru, hapa Kenya. Na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani kote. Ni maradhi ya pili kumalizwa na binadamu, baada ya ndui. Watu wasiofahamiana, wa nchi nyingi, waliweza kuambiana ukweli juu ya ng'ombe wao. Je, sisi wa chama kimoja tutashindwa?

Bwana Mwenyekiti, kwa unyenyekevu twaleta mbele ya mkutano maombi manne. Moja, pawe na daftari moja la mifugo ya wanachama, ambamo kila anayeuguza au kuzika mnyama ataandikisha siku na dalili, na Katibu awaarifu wenzake wa upande ule siku hiyo hiyo. Mbili, chama kinunue vipimajoto vichache, kimoja kwa kila upande wenye mashamba ya wanachama. Tatu, chama kikusanye majina, ili wanachama na jirani zao watimize idadi itoshayo kuita chanjo kwa pamoja, ya ng'ombe na ya kuku, kwa shauri la daktari wa mifugo. Nne, sehemu ndogo ya sanduku itengwe kumlipia daktari safari ya kwanza, irudishwe na mwenye mnyama kidogo kidogo. Twajua sanduku si kubwa. Lakini Halmashauri yaweza kulinganisha yenyewe gharama ya safari moja ya daktari na karo ya mtoto mmoja.

La tano si ombi la fedha. Twawaomba wazee wetu mwondoe haya katika jambo hili. Mzee akisema mbele za watu kwamba ndama wake amekufa, kijana hataona aibu kusema kwamba wake ni mgonjwa. Jirani zetu wale watatu hawakuwa wabaya. Walikosa mtu wa kuanza kusema. Leo sisi tumeanza, na ng'ombe wetu tumemtaja mbele yenu pamoja na makosa yetu yote.

Mwenyezi Mungu awabariki wazee wetu, awalinde wanachama na mali yao, na akipe chama chetu umoja.